Wito wa Kufunga Ziwa

Jaketi la kuelea lilikuwa limelowa, ilhali siku hiyo hakuna mgeni aliyelivaa.

"Labda umelitundika karibu na bomba," mkodisha boti alimwambia mkewe.

"Bomba gani, Baba Chiriku? Sisi tuna bomba?"

Walicheka. Kesho yake majaketi yote yalikuwa yamelowa, na banda zima lilinuka tope la kisima kilichofunikwa miaka mingi. Kisha zikaonekana nyayo ndogo za maji, kutoka gatini hadi jikoni kwao. Za kurudi hazikuwepo.

Shangazi wa mke alizaliwa katika kijiji kilichomezwa na ziwa bwawa lilipojengwa. Alipoziona nyayo hizo, hata kiti alichopewa hakukikalia.

"Mkwe wangu, jioni ukifunga, wageni unawaitaje?"

"Kwa kipaza sauti. 'Mlioko ziwani, rudini nyumbani.'"

"Nyumbani kwa nani?" Alishusha sauti. "Makaburi tuliyahamisha, na sisi tukapewa viwanja huku juu. Majini wa kisima cha kijiji nani aliwaambia wahame? Wamekaa gizani huko chini, na wewe kila jioni unawakaribisha kwako. Usiite tena."

Akaiombea nyumba, sakafu ikakauka. Tangu hapo mkodisha boti aliwafuata wageni kwa kasia, boti baada ya boti, akilalamikia mgongo.

"Kitambi kinakwisha," mkewe alimtania.

Alasiri moja binti yao, yule Chiriku asiyeishiwa maneno, alikuwa mbali ziwani kwenye boti ya kukanyaga, amewapa mgongo, anaimba, wakati wingu jeusi lilipoteremka juu ya ukuta wa bwawa, upepo ukainua mawimbi, na boti ya baba yake ikajaa maji na kutupwa tena gatini kila alipoisukuma, hadi mkewe, aliyekuwa amekikumbatia kipaza sauti asikiguse mtu, akamkabidhi mumewe.

"Mwanangu!" baba aliita. "Rudi nyumbani!"

Binti aligeuka. Mvua ikamfunika.

"Nakuja, Baba!" sauti yake ikatoka ndani ya mvua, na mama akashusha pumzi.

"Nakuja, Baba," sauti ileile ikaitika chini ya gati, karibu na miguu yao. Kisha kule kwenye matete, kisha nyuma ya banda, kisha pande zote za ziwa, zote za Chiriku, zote zikisogea.