Matone ya Madina

Chwaa! Chwaa! Madina alisikia mapanga kabla hajaiona shule. Ilikuwa Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya kufyeka nyasi za uwanja, na nyasi zilikuwa zimechanua. Hajafika langoni, chavua ikamwingia puani. Akapiga chafya mfululizo, macho yakavimba.

"Tazameni bibi-arusi!" alipaza sauti Édouard, kiongozi wa darasa. "Siku ya mtihani iko muzima. Salongo ikifika, mugonjwa! Mama Chafya!"

Darasa zima likacheka. Madina akasaga meno. Salongo ijayo angefyeka kipande kikubwa kuliko cha Édouard, kisha amtupie nyasi miguuni mbele ya wale wale waliocheka.

Nyumbani, mtaa wa Simi-Simi, alikuwa na kichupa cha dawa ya mzio alichopewa na Daktari Adeline: tone moja chini ya ulimi kila asubuhi, kwa miaka mitatu. Miaka mitatu! Nani angemngoja Édouard muda wote huo? Siku moja kabla ya salongo iliyofuata, akakinywa chote ili apone upesi.

Midomo ikawasha. Koo likabana. "Papa..." aliita, sauti ikakwama. Papa Asumani akampakia kwenye pikipiki ya jirani mpaka kituo cha afya. Daktari akamchoma sindano pajani. Pumzi ikarudi polepole.

"Ulitaka kumwonyesha nani?" daktari akauliza.

"Édouard."

"Bon. Angekuja kula kwenye matanga yako. Kisasi gani hicho?"

Madina akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Sikiliza, mama," daktari aliendelea. "Chavua si sumu. Chembe zako za kinga ndizo zinazoiona adui na kuwasha vita. Kila tone lina chavua kidogo. Chembe zinaizoea, nyingine zinajifunza kuzituliza zile zinazopigana, nyingine zinatengeneza kinga inayoishika chavua kabla vita haijaanza. Mabadiliko hayo yanaenda taratibu. Ukizimwagia chavua yote kwa mara moja, zinapigana ndani ya koo lako. Hasira yako haiwezi kuziharakisha. Fuata dawa ulivyoagizwa."

Jumatatu mwalimu aliwaeleza wanafunzi ugonjwa wa Madina, akampa kazi ya kupanga vitabu ndani siku za salongo. Édouard akamsogelea, macho chini.

"Pardon, Madina. Sikujua."

Madina alimtazama mpaka Édouard akatokwa jasho.

"Pardon yako nimeisikia. Na wewe sikia ahadi yangu: tone moja kila asubuhi, si zaidi. Siku daktari akiniruhusu kushika panga, Édouard, nitakuacha nyuma mpaka ukose wa kumcheka."