Taji la Kunata

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya vipindi, wasichana wa timu ya jimnastiki ya Chuo cha Harlan Creek, hapa kwetu Alabama, walipita mmoja mmoja chumbani kwa Bi Marva Tuttle, mtunza viungo wao. Bi Marva hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishika kifundo, akabonyeza goti, akauliza, "Panauma?" Nao wote, hata yule aliyechechemea tangu bwenini, walijibu, "Hapaumi."

Celeste Guidry alikuwa wa mwaka wa kwanza, mtoto wa Louisiana, mfupi, mwenye miguu ya nguvu na kicheko cha karibu. Jumatatu hiyo Bi Marva alibonyeza mshipa mnene ulio nyuma ya kisigino chake cha kushoto, kidole kikakawia pale.

"Hapa pana moto, mwanangu."

"Nimetoka kukimbia, Bi Marva."

"Panauma?"

"Hapaumi."

Uongo mtupu. Mshipa ule ulikuwa ukimtesa tangu Krismasi. Asubuhi alishuka ngazi za bweni kinyumenyume, ameshika ukuta, na akisikia mlango unafunguliwa hujifanya anafunga kamba za viatu.

Mtauliza, kwa nini adanganye? Kwenye meza ya kurukia, ile wanayoijia mbio na kuivuka kwa mikono, anayeruka wa mwisho ndiye tegemeo la timu. Celeste alikuwa amepewa nafasi hiyo, akamwondoa Paxton Reeves, dada wa mwaka wa nne. Na Kocha Dobbs alikuwa na msemo wake: "Huu ni ukumbi wa mazoezi, si wodi. Anayeumwa akae, mwenzake aruke." Waliokaa, wengi wao walikaa moja kwa moja.

Halafu kulikuwa na taji. Lilikuwa la plastiki, limebandikwa vimetameta, pembe moja imekatika. Msichana akitua na nyayo zake zikabaki palepale zilipoangukia, bila hata kahatua kadogo, husemwa amenata. Hapo wenzake humkimbilia na kumvika taji mbele ya ukumbi mzima. Mimi sikosi mashindano hata ya Ijumaa moja, nawaambia, wasichana wale walilitaka taji lile bovu kuliko shahada.

Alhamisi Paxton alimkuta Celeste chumba cha kubadilishia nguo, anazungushia kisigino plasta.

"Plasta yote hiyo, bibie? Unamtumia mama yako mguu kwa posta?"

"Paxton, tafadhali. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Mimi si mbeya." Paxton akapiga magoti, akaifungua plasta, akaifunga upya kwa ustadi. "Hivi haitaonekana. Na ukitembea, tembea kwa vidole. Watadhani unapasha mwili joto."

"Asante, dada."

Alimshukuru, maskini. Hakuona kwamba Paxton hakuwa na haja ya kumsukuma mtu. Alikuwa anasubiri tu.

Ijumaa jioni ukumbi ulijaa hadi juu. Celeste alijipaka unga wa chaki mikononi, akakimbia, akagonga ubao wa kuchupia, akaisukuma meza kwa mikono, akapaa, akazunguka hewani, akatua. Wakati anatua alihisi mtu amempiga teke kisiginoni kwa nyuma. Akageuza macho kutazama ni nani. Hapakuwa na mtu.

Lakini mruko hauishi mpaka uwasalimu waamuzi kwa mikono, na msichana aliyefundishwa hivyo tangu utotoni hakujua kufanya vingine. Mshipa umekatika, naye amesimama wima. Akainua mikono, akatabasamu. Nyayo hazikusogea hata kidogo.

"Amenata!" ukumbi ukalipuka.

Wenzake wakaja mbio, Paxton mbele na taji mkononi.

"Msinishike," Celeste alisema. "Jamani, msinishike."

Kwa kelele zile nani angesikia? Paxton alimvika taji, akamkumbatia, akamtikisa kwa furaha, kisha akamwachia. Celeste akaanguka chini. Nao wakacheka, wakidhani anawatania. Walicheka mpaka walipouona mguu wake umelegea kama soksi.

Alama zake zilipotokea kwenye ubao wa matokeo, nyingi kuliko zote alizowahi kupata, yeye alikuwa anapitishwa mlangoni kwa machela. Taji lilikuwa limebingirika kando. Paxton aliliokota, akalipangusa.

"Paxton, jiandae," Kocha Dobbs alisema. "Mchezo wa sakafuni utacheza wewe badala yake." Hakutazama mlangoni.

Madaktari waliushona mshipa. Wakamwambia Celeste atatembea, na akivumilia atakimbia, lakini meza ya kurukia aisahau. Kazi aliyoianza ana miaka mitano ikaishia hapo. Kocha alituma maua. Yeye mwenyewe hakuja.

Aliyekuja ni Bi Marva. Alikaa kando ya kitanda, kofia mapajani.

"Kidole changu kilisema pana moto," alisema. "Mdomo wako ukasema hapaumi. Nikauamini mdomo. Hilo ni kosa langu, na nitalibeba."

Celeste alilia mpaka mto ukalowa.

Mwaka uliofuata alirudi ukumbini, kumsaidia Bi Marva kazi za Jumatatu. Siku moja alibonyeza kisigino cha msichana mgeni, Joelle Stamper.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Mbona vidole vimejikunja?"

Joelle akauvuta mguu. "Nimesema hapaumi. Wewe umeshindwa, unataka tushindwe wote?"

Neno hilo lilimchoma Celeste. Hata hivyo aligeuka akasema, "Bi Marva, huyu akae."

Joelle alikosa nafasi yake hadi baridi ilipokaribia kuisha. Alimwita Celeste mchawi mbele ya timu nzima, na wengine wakacheka. Kisha akapona, akarudi mezani, akaruka, akanata. Alipovikwa taji alipita mbele ya Celeste bila kumtupia jicho, anakimbia kwa miguu yake yote miwili.

"Hajakushukuru," Bi Marva alisema.

"Hapana. Ananichukia."

"Mwache akuchukie. Mficha maradhi kilio humfichua, nawe chako wenzako walikicheka wakidhani ni mzaha. Ukiumwa, sema. Ukiona mwenzako anaumwa, sema, hata akutukane." Akachukua taulo, akaanza kuikunja. "Chuki haikati mshipa, mwanangu. Uongo ndio hukata."