Mstari wa Kumi na Saba

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jumatatu, saa nane mchana, jua la Same likiwa limewaka mpaka mbwa wamehamia chini ya malori, ofisi ya Devotha ya kutengeneza tovuti ilianza kunuka udongo mbichi. Si udongo wa pale mjini, ambao ni vumbi tupu. Ni ule mweusi wa misitu ya juu milimani, wenye ukungu na majani yaliyooza.

"Swalehe, umemwaga maji wapi?"

"Maji gani, dada Devo? Bomba halijatoa tangu jana."

Swalehe, kijana wa Tanga aliyekuja Same kutengeneza simu akaishia kuwa mshirika wake kazini, alichungulia chini ya meza asione kitu. Wakacheka. Walikuwa na haki ya kucheka, maana dakika kumi tu zilikuwa zimepita tangu Devotha aiweke hewani tovuti ya ukoo wake: watu mia mbili na tatu, walio hai na waliokufa, kutoka kwenye daftari la babu zake wa kijiji cha Mamba, juu milimani.

Kazi ilikuwa safi. Templeti moja, yaani kiolezo, ilipanga ukurasa mzima, na Devotha alikuwa ameandika modifaya zake mwenyewe, vile vijiprogramu vidogo vinavyopokea data ghafi na kuitoa imepambwa. Alizipenda kama mtu anavyopenda kuku wake. Moja iliyapa majina herufi kubwa. Nyingine ilipokea tarehe yenye tarakimu na vistari ikaitoa kwa Kiswahili kinachosomeka. Ya tatu, aliyojivunia zaidi, ilitazama tarehe ya kufariki: ikiwepo, iliandika "alifariki" na siku yake, ikikosekana, iliandika "yupo hai".

Sasa, katika daftari lile mstari wa kumi na saba ulikuwa mtupu. Namba ipo, jina hakuna, tarehe hakuna. Watu wa kompyuta wana ugonjwa mmoja, nafasi tupu huwawasha. Devotha alidhani babu zake walisahau tu, akauingiza mstari hivyo hivyo ulivyo ili aje aulizie baadaye. Na modifaya yake, ambayo haikujua adabu za Wapare, ikafanya kazi iliyofundishwa. Ukurasani pakaandikwa: *17. Yupo hai.*

Jumanne asubuhi mstari wa mzee Sifael, baba yake mkubwa wa Mamba, ulisema: *alifariki Jumatano, 14 Mei 2025.*

Devotha alishtuka, kisha akajitukana kwa uzembe. Akampigia mzee mwenyewe.

"Shikamoo baba mkubwa. Mzima wewe?"

"Marahaba. Mzima kabisa, niko shambani napalilia tangawizi. Kwani umesikia nini?"

Akamwambia hakuna kitu. Akafungua hifadhidata, akakuta sehemu ya tarehe iko tupu. Akafuta nakala zote za templeti ambazo mfumo hujiwekea, akafungua ukurasa upya. Jumatano ilikuwa palepale. Na Jumatano yenyewe, saa kumi jioni, walimkuta mzee Sifael ameketi kwenye tuta la tangawizi, baridi kama jiwe, kinywa kimejaa udongo mweusi.

Alhamisi tarehe ilihamia kwa mwingine. *Justa Elirehema, alifariki Ijumaa, 16 Mei 2025.*

Justa ni mama yake Devotha.

Aliizima tovuti. Swalehe akaifungua kwenye simu isiyo na laini wala bando, nayo ikafunguka. Hapo ndipo waliposikia sauti, nyuma ya kabati la mafaili, ikisoma majina ya ukoo taratibu, moja baada ya jingine kwa mpangilio wa daftari, na ilipofika kumi na saba ikavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka kunywa maji baada ya safari. Swalehe alitoka nje hajavaa viatu, na simlaumu.

Devotha akampigia baba yake mdogo, Hezroni, mtunza daftari. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha sauti.

"Ule mstari haukusahauliwa, mwanangu. Uliachwa."

"Uliachwa kwa ajili ya nani?"

"Si mtu. Ni jini lililokaa nyumbani kwa mababu likijifanya mtoto wa kumi na saba. Lilikula nao, likahesabiwa nao, na kila mwaka likaondoka na mmoja. Walipolifukuza hawakuwa na nguvu ya kuliua. Wakaamua tu lisitajwe, wala lisisemwe kwamba lipo. Tukisoma daftari, hapo tunanyamaza, tunaendelea. Na wewe umeliandikia kwamba lipo hai."

"Ungeniambia, baba mdogo!"

"Ningekuambiaje bila kulitaja?"

"Basi naufuta huo mstari sasa hivi."

"Usithubutu! Ukiufuta, wa kumi na nane anapanda kuwa wa kumi na saba. Unamkalisha mwenzako kwenye kiti chake. Nafasi ibaki, ila isiseme kitu."

Devotha alikata simu akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko woga, akampigia mama yake, akamweleza yote na kumwomba asitoke ndani kesho. Mama akamjibu kwamba hajawahi kusubiri mgeni mbaya amkute amelala. Ijumaa saa nne alishuka kwenye basi la Mamba na kikapu chake, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, akaingia ofisini akavuta kiti.

"Lipo wapi?"

"Nyuma ya kabati, mama. Punguza sauti."

"Nipunguze kwa nini? Nimekuja kwa mwanangu." Akaligeukia kabati. "Wewe! Sifael alikuwa mume wa dada yangu. Tutaonana leo."

Devotha alianza kuandika. Alikuwa amekesha akiifikiria, na ilikuwa modifaya fupi kuliko zote alizowahi kuandika: ingie data yoyote, jina, tarehe, kelele au kiapo, kitoke kimya. Akaiita nyamaza. Lakini kila alipoihifadhi, herufi zilijifuta kuanzia mwisho, naye akarudia, zikafutika, akarudia.

Saa sita mlango ulijifunga wenyewe.

"Mtoto wa Justa," ilisema sauti, na ilikuwa tamu, ya mtu wa nyumbani kabisa. "Niandikie jina la mwingine tu. Jina moja, nami namwacha mama yako. Wengine huwajui hata sura."

Kidole cha Devotha kilisimama. Nasema kweli, alifikiria. Mama yake alikuwa ameanza kukohoa, na kwenye midomo yake kulikuwa na chembechembe nyeusi.

Mama akainama akatema udongo sakafuni.

"Devotha," alisema kwa kukwaruza, "ukimuuzia huyu watu kwa ajili yangu, nitakufa kwa aibu kabla hajaniua. Andika."

Akaandika, na harufu ikapanda mpaka machozi yakamtoka, na kabati likaanza kusogea sakafuni inchi kwa inchi bila mtu kuligusa, na ile sauti ikaacha utamu ikawa inasoma majina yote mia mbili na tatu kwa wakati mmoja, wazee na watoto na wachanga, huku nyuma yake mama akitema na kukohoa na kutema tena na bado akilitukana jini kwa Kipare matusi ambayo Devotha hakujua kama mama yake anayajua, na herufi zikifutika naye akizirudisha, zikifutika akizirudisha, safari hii haandiki kwa kuomba, anaandika kwa ukaidi wa mtu anayegombea chake, mpaka vidole vyake vikatangulia mikono isiyoonekana iliyokuwa ikizifuta kwa herufi moja tu, na akabonyeza kuhifadhi.

Mstari wa kumi na saba, kisha mstari wima, ile alama ya kuitia modifaya, kisha nyamaza.

"Mimi nipo ha..." ilisema sauti.

"Mimi nip..."

"Mi..."

Kabati likasimama. Ukurasani ilibaki namba kumi na saba, na mbele yake weupe mtupu.

Mama Justa alisukutua kinywa kwa maji ya chupa, akatemea nje dirishani, akaketi. Devotha akatazama mstari wa mama yake. Tarehe ilikuwa imeondoka. Akaifuta pia ile modifaya yake ya tatu, ya kujivunia, maana hakutaka tena mashine imsemee mtu yeyote kama anaishi au la. Kuanzia leo angeuliza mwenyewe, mmoja mmoja, simu kwa simu.

"Mama, nikuandike vipi?"

"Kwani hunioni?"

Devotha akaandika kwa mkono wake: *Justa Elirehema, yupo hai.*

Mama akavaa miwani, akasogea akasoma polepole mpaka nukta.

"Ongeza," alisema. "Na ana njaa."