Mashine Isiyonguruma

Kila Jumamosi, akishafagia uwanja na kuosha sufuria ya ugali wa nsima, Tadala alimfuata mama yake kwenye mashine ya kusaga. Mama yake, Nasibeko, ndiye aliyekuwa msagaji wa kikundi cha akina mama cha Chimkoka. Zamani alikuwa akirudi nyumbani anakohoa mpaka machozi, maana injini ya dizeli ilijaza kibanda moshi mweusi. Sasa injini ilikuwa imeuzwa, na mashine ilizungushwa na umeme wa jua kutoka kwenye paneli za juu ya paa. Moshi hakuna, dizeli ya kununua hakuna. Wateja nao hawakuonekana.

Hilo ndilo lililomnyima Tadala raha. Shirika lililoleta paneli lilisema wazi kwamba mwezi ukiisha na mashine imekaa bure, paneli zitahamishiwa kijiji kingine. Siku tisa tu zilibaki.

Ng'ambo ya kijito, mashine ya dizeli ya Mzee Kachepa ilinguruma tangu asubuhi. Kama kawaida ya wasagaji wa huko, alikuwa amevisha kopo la bati kwenye bomba la moshi ili injini ilie zaidi, na makelele yake yalifika mashambani. Tadala aliwaona wanawake wenye mabeseni ya mahindi wakifika njia panda. Walisimama kidogo, kisha wakakata kona kuelekea kwa Kachepa.

Na pale njia panda, ni nani aliyekaa na kikapu cha maandazi? Mphatso, binti ya Kachepa, ambaye Tadala alikaa naye dawati moja. Tadala hakuhitaji kuambiwa zaidi. Jumatatu aliwanong'oneza wenzake darasani kwamba Mphatso ametumwa na baba yake kuwaambia watu unga wa jua unaumiza tumbo. Habari ikaenea upesi. Kufikia Ijumaa, Mphatso alikuwa akila chakula chake peke yake.

Jumamosi iliyofuata Tadala alikwenda njia panda mwenyewe, amejaa hasira.

"Unawaambia nini wateja wetu?"

Mphatso alimtazama kwa macho mekundu. "Nawaambia maandazi ni ya moto. Kuna lingine?"

Kabla Tadala hajajibu, akafika Bibi Nachisale na debe lake kichwani. Akasimama, akatega sikio upande wa kwao Tadala, kisha akageuka kwenda zake.

"Bibi, mbona hutufikii?" Tadala akauliza.

"Kwani mnasaga? Mie sisikii kitu. Nikajua dizeli imewaishia. Mjukuu wangu, kwa shingo hii nipande kilima kile kufuata mashine iliyokufa?"

Tadala alihisi uso unawaka. Kumbe wote wale walikuwa wakisimama kusikiliza tu.

Alikimbia kumweleza mama yake kila kitu, hata yale ya darasani. Mama hakucheka. Alitafuta ringi kuukuu ya gurudumu la lori, akaining'iniza nje ya kibanda, akampa Tadala chuma cha kuigonga kila mashine inaposaga. Ringi ikalia mpaka ng'ambo ya kijito. Kabla ya saa sita foleni ilikuwa imefika barabarani, na Bibi Nachisale alikuwa mbele akilalamika kwamba wamemchosha bure mwezi mzima. Shirika lilipokuja Jumatatu, halikupata hata pa kuegesha gari.

Lakini asubuhi ya Jumatatu hiyo mama alimfikisha Tadala mpaka mlango wa darasa.

"Mashine tumeiponya kwa swali moja," akamwambia. "Swali hilo ungeliuliza siku ya kwanza, usingemchafulia mwenzako jina. Ukishuku, uliza kwanza. Sasa ingia, useme mbele ya walewale uliowanong'oneza."

Tadala alisema yote, kwamba Mphatso hakutumwa na mtu. Kisha akabaki amesimama, hajui akae wapi. Mphatso alimwacha asimame kitambo. Halafu akasogea, akamwachia nafasi kwenye dawati lao.