Mguu Uliofukiwa Kama Tuta

Asubuhi za Kasense, hapa kwetu Sumbawanga, huanza na ukungu. Ukungu hulala juu ya mashamba, na watu hupita ndani yake kama wanaelea. Unasikia jembe kabla hujamwona anayelima.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1993. Mume wangu, Theodory, alikuwa anapiga matuta ya duara, kama tufanyavyo Wafipa. Unakata nyasi, unazikusanya, unazifukia kwa udongo. Nyasi zinaoza humo polepole. Mvua zikirudi, unalisambaza tuta, na shamba linapata nguvu.

Siku hiyo jembe liliteleza. Likamkata mguu wa kulia.

"Mkwaruzo tu, Mama Herieth," aliniambia. "Usinitazame kama maiti."

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Kila kona ya Sumbawanga kulikuwa na duka jipya la dawa, na wauzaji wengine hawakukuuliza cheti cha daktari. Theodory alinunua vidonge vinne vya rangi mbili. Viwili alimeza. Viwili alivifungua, akamwaga unga wake kwenye kidonda. Maumivu yalipopungua, akaacha.

Baada ya wiki moja mguu ulivimba. Jembe likabaki limeegemea ukuta.

Wakati huo chumba chetu cha nje alikuwa amekipanga Bi Luciana, mzaliwa wa Namanyere. Alifanya kazi ya maabara, na alikuwa amekuja kuchukua udongo. Watu walimcheka. Kila wiki alishuka bondeni, kando ya Ziwa Rukwa. Huko magadi yameifanya ardhi kuwa nyeupe kama majivu. Jua linaunguza mpaka nyasi zinakataa kuota. Mfugaji mmoja, Bundala, ndiye aliyempeleka mahali ambapo hata ng'ombe hawakanyagi. Bi Luciana alirudi na vichupa vya udongo, na uso umebabuka.

"Dada, udongo umejaa hapa mlangoni," nilimwambia. "Kwa nini uufuate kule kwenye moto?"

Alicheka. Akanivutia kigoda.

"Ndani ya udongo wanaishi bakteria," alisema. "Ni viumbe wadogo mno, macho hayawaoni. Wanagombania chakula. Baadhi yao hutoa kitu cha kuwaua wenzao. Kitu hicho kikichujwa na kupimwa, kinaweza kuwa dawa ya vidonda au ya homa ya mapafu. Dawa nyingi za hospitali zilianza hivyo."

"Sasa kwa nini unatafuta nyingine?"

"Kwa sababu wadudu wa magonjwa wanazizoea. Mtu anameza vidonge viwili, akipata nafuu anaacha. Wadudu dhaifu wanakufa. Wenye nguvu wanabaki, wanazaana. Kesho dawa ile haiwawezi tena. Ndiyo maana naenda mahali pagumu. Anayeweza kuishi kwenye chumvi na joto lile, huenda ana silaha ambayo hatujaijua."

Alinionyesha kisahani cha kioo kilichofungwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na kitu kama uji ulioganda. Juu ya uji palikuwa na utando wa manjano. Katikati ya utando lilikaa doa moja jeupe, na kulizunguka palikuwa patupu, pasafi.

"Doa ni bakteria wa bondeni," alisema. "Utando ni bakteria wengine. Tazama, hawamsogelei."

Nilitazama muda mrefu. Lile duara lilikuwa kama duara linalouzunguka mwezi siku za baridi. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kuchota maji, niliomba kulitazama. Nilipokuwa natwanga, niliwaza juu ya vile viumbe. Peke yao kwenye chumvi, kimya, miaka na miaka, hawajui kama kuna mtu anayewatafuta. Kinu kilikuwa kinalia, na mimi nilikuwa mbali.

Labda ndiyo sababu sikueleza vizuri. Tulipokuwa tunakula, nilimwambia Theodory: "Udongo wa Bi Luciana una dawa ya vidonda." Nikaishia hapo.

Kesho yake nilirudi kutoka kisimani. Nikamkuta mume wangu amekaa nyuma ya nyumba. Mguu wa kulia ulikuwa umefukiwa chini ya udongo mweupe, kama tuta. Vichupa vya Bi Luciana vilikuwa pembeni, vitupu.

"Baba Herieth! Unafanya nini?"

"Naupika," alisema kwa utulivu. "Nyasi mbovu tunazifukia, zinageuka kuwa uhai. Mguu nao utageuka."

Nilipiga kelele. Bi Luciana alitoka mbio.

"Shemeji, toa mguu humo!"

"Nitakulipa udongo wako, shemeji. Usiwe mchoyo."

"Siulilii udongo, naulilia mguu!" Alikuwa tayari anamwagia maji safi. "Kwenye udongo, mmoja anaweza kuwa na dawa. Na kando yake yupo anayeleta pepopunda. Macho yako yanaweza kuwatenganisha?"

Theodory aliuchomoa mguu polepole.

"Mimi mwenyewe siwezi bila vyombo. Nikimpata wa dawa leo, itapita miaka mingi ya kupima kabla mgonjwa hajaimeza. Udongo si dawa. Na unga wa kidonge haumwagwi kwenye kidonda."

Nilisema kwa sauti ndogo, "Kosa ni langu. Nilimpa nusu ya maneno."

"Basi sasa mpe yote," alisema Bi Luciana. "Ila mpe njiani."

Tulimpakia kwenye baiskeli, tukaisukuma hadi hospitali. Mganga alibonyeza mguu, akatikisa kichwa.

"Mngechelewa siku mbili, tungezungumza habari ya kuukata."

Alikisafisha kidonda. Alimchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Akatuandikia dawa ya siku kumi. "Hata mguu ukipona siku ya tano, meza mpaka ya kumi," alisema. Niliikariri kauli ile kama sala.

Siku ya saba uvimbe ulikuwa umekwisha. Bi Luciana alikuwa amekwisha kuondoka na vichupa vyake. Asubuhi hiyo jirani yetu Felisian alibisha hodi. Alikuwa anakohoa kwa muda wa mwezi mzima.

"Mshikaji, umeshapona," alimwambia Theodory. "Nigawie vidonge viwili. Kifua kinanibana."

Nilimtazama mume wangu. Alikishika kile kipakiti, akakigeuzageuza. Halafu akakiweka mfukoni.

"Hivi vimeandikiwa mguu," alisema. "Kifua chako kikaandikiwe vyake. Naenda kubadilisha bendeji. Twende pamoja."

"Yaani unaninyima vidonge viwili?"

"Nakunyima. Vaa viatu."

Waliondoka ndani ya ukungu, mmoja anachechemea, mwingine anakohoa, wote wawili wanabishana.

Hospitalini walipima makohozi ya Felisian. Alikuwa na kifua kikuu. Dawa yake ilikuwa ya miezi minane. Vile vidonge viwili visingemsaidia kitu.

Theodory alimaliza siku zake kumi. Mguu ukafunga, ukabaki na kovu. Kisha akaanza kupita kwa Felisian kila asubuhi.

"Umemeza?"

"Kwani wewe ni mke wangu?"

"Umemeza, hujameza?"

Mwezi wa kumi na moja mvua zilirudi. Felisian alikuwa amenenepa, na alikuja kutusaidia kusambaza matuta. Nilikuwa naleta uji shambani. Ukungu ulikuwa mzito, sikuwaona. Nilisikia tu sauti.

"Umemeza?"

"Nilimaliza jana, bwana! Acha nilime."

Halafu nikasikia majembe mawili yakigonga udongo.