Komeo Upande wa Juu

Nyumba ilikuwa na watu wanne, na maoni kuhusu dari yalikuwa matano. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu watu wa nyumba ile walizoea kubishana bila kuonana.

Kuta zao zilikuwa zimeishia njiani. Aliyejenga alizipandisha hadi juu kidogo ya milango, akaezeka bati, akaenda zake. Tangu hapo familia iliishi chini ya kenchi tupu, kila mtu na chumba chake lakini masikio ya wote. Ukipiga chafya chumbani, ulipewa pole kutoka jikoni.

Mama wa nyumba alikuwa mkutubi. Kutwa maktabani aliwanyamazisha watu, nao walinyamaza. Akirudi nyumbani hakuna aliyemsikiliza. Mama mkwe alikuwa na la kusema juu ya kila alichosikia, na alisikia kila kitu. Mume aliitwa Kesho, hata na mama yake mzazi, kwa kuwa hiyo ndiyo siku aliyoiwekea kazi zake zote. Binti yao, wa darasa la pili, mtaa mzima ulimwita Chiriku. Aliongea tangu anafumbua macho, na akishalazwa aliendelea kuongea na mama yake juu ya ukuta, hadi usingizi umkate katikati ya neno.

"Nataka dari," mkutubi alisema jioni moja, kajinyoosha kitandani. "Nipate faragha kabla sijafa."

"Tuweke jipsamu," Kesho akajibu kutoka sebuleni. "Ile ya ngazi ngazi, taa zimejificha. Unakaa kama uko hotelini."

"Ataipangusa nani, mimi na mgongo huu?" mama mkwe akadakia kutoka chumbani kwake. "Wekeni ya plastiki. Unapitisha kitambaa, kwisha habari."

"Yenye nyota!" akapaza Chiriku.

"Ya ubao mweupe, bapa, basi," mkutubi akasema. "Hatujengi kasri hapa."

"Ya mbao," ikasema sauti. "Na ishushwe chini."

"Mbao si mbaya," Kesho akasema. "Umefikiria vizuri, mama."

Mama mkwe alidhani mkwewe amebadili mawazo na anaona aibu kukiri, lakini sifa haijawahi kumpita akaikataa, akaipokea na hiyo. Mkutubi naye akaona si vibaya kukubaliana na mama mkwe mara moja maishani. Hivyo ndivyo ilivyochaguliwa dari ya mbao.

Fundi alifanya kazi safi. Alipopigilia msumari wa mwisho na kufunga mkoba wake, nyumba ilikuwa imetulia kama chini ya mto wa kulalia. Mkutubi alilala akisikiliza ule utulivu kama watu wengine wanavyosikiliza muziki. Hakumsikia mama mkwe akikohoa. Chiriku pia hakumsikia, na hakuona ubaya wake.

Kitu kilichomkera kilikuwa harufu. Mbao mpya hunukia utomvu, lakini chumba cha Chiriku kilinuka karatasi zilizolowa maji na kukaukia gizani. Harufu hiyo aliijua. Alinusa mikono ya gauni lake la kazini, akajiambia ameileta mwenyewe.

Kisha Chiriku akaanza kupunguza maneno. Mezani alitikisa kichwa. Shuleni mwalimu alimsifu kwa utulivu, na mkutubi, Mungu amsamehe, alijivuna.

"Mbona siku hizi hunisimulii kitu?" alimuuliza akimfunika shuka.

"Nimemaliza," mtoto akanong'ona. Sauti ilikwaruza. "Namsimulia yeye."

"Yeye nani?"

Chiriku akainua macho kwenye mlango mdogo wa darini, uliokaa sawa juu ya kitanda chake. "Anasema alikuwa hana chumba. Anapenda maneno yangu. Nikimpa neno, linabaki kwake."

Mkutubi alikuwa mtu wa kusoma. Alijua watoto hujitungia marafiki. Akamkanya asinywe maji baridi yakamharibu koo, akazima taa.

Jumamosi, mchana kweupe, akiwa jikoni na mikono imejaa povu, aliita, "Chiriku!"

"Abee, mama!" ikajibu kutoka chumbani, nyororo, ile sauti ya zamani kabisa, na moyo wake ukafurahi.

"Niletee kitambaa kilichoko kitandani kwako."

"Nakuja, mama!"

Akasikia gauni lake likivutwa kwa nyuma. Akageuka. Chiriku alikuwa amekaa pale pale sakafuni, karibu na mlango wa uani, alipokuwa tangu asubuhi akichambua mchele, kimya hata akasahaulika. Alikuwa amemshika mama yake upindo, amefumbua mdomo, midomo inakwenda, na hakuna kilichotoka ila pumzi. Na chumbani, juu ya dari, kitu kikubwa kikajigeuza taratibu, mbao zikalia moja baada ya nyingine kutoka ukuta hadi ukuta, na ile sauti nyororo ikacheka.

"Umesikia?" mama mkwe alinong'ona mlangoni. Mara ya kwanza mkutubi kumwona akinong'ona. "Mwanangu, mwite fundi. Mwite sasa hivi, usimngoje Kesho."

Fundi alikuja na kubaki kizingitini.

"Mlango ule wa juu haufunguki," mkutubi alimwambia. "Nimeusukuma kwa ufagio."

"Si komeo liko upande wa juu, dada?"

"Kwa nini uliweka komeo upande wa juu?"

"Si wewe uliyeniagiza? Niko juu ya ngazi, unaniambia kutoka chumba cha pili: mlango uwe juu ya kitanda cha mtoto, komeo kwa juu. Nikakuuliza, sasa atalifunga nani? Ukacheka."

"Mimi nilikuwa kazini."

Fundi alimtazama, akaitazama dari, akaondoka bila hata kugeuza mgongo, kinyumenyume hadi barabarani, nyundo yake akaiacha sakafuni. Mkutubi akaiokota. Alipanda juu ya kitanda cha mwanawe na kuanza kupiga, akipiga huku akikohoa vumbi, huku Kesho aliyekuja mbio kutoka uani akivuta vipande kwa mikono mitupu bila kusema kesho wala keshokutwa, huku mama mkwe amemkumbatia mtoto na kumziba macho, hadi mbao za juu ya kitanda zikaachia zote kwa pamoja, na walipoinua tochi wakaona juu ya zile zilizobaki unga wa randa umetanda sawasawa kama siku fundi alipoondoka, isipokuwa mahali pamoja palipolainishwa na mwili mrefu, mrefu kupita chumba, uliokuwa umelala hapo kifudifudi, sikio limegusa ubao.

Palibaki alama tu, mwili wenyewe haukuwapo. Waliibomoa dari yote, hata ya chumba chake mkutubi, na hakuionea huruma.

Sauti ya Chiriku haikurudi.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima kabisa. Msomaji wa dua aliyeletwa na mama mkwe alisoma na kufukiza kila kona, na mkutubi alisubiri ajifanye amepambana na kushinda. Hakujifanya. Alikunja mkeka wake akiwa na haya usoni.

"Hapa hakipo," alisema chini chini. "Kimehama."

"Na sauti kiliyoichukua?"

"Kimehama nayo. Kitatafuta mahali pengine kama hapa. Juu pamefungwa, na chini pana watu walionyamaza."

Tangu siku hiyo mkutubi ndiye aliyeongea juu ya ukuta. Alisimulia habari za kazini, za sokoni, hadithi alizozisoma na alizozizua, hadi koo lake likakauka, na Kesho akampokea, na mama mkwe akampokea Kesho. Upande wa pili Chiriku aligonga ukuta kwa kidole kuonyesha yuko macho.

Maktaba ilikuwa imejaa alasiri moja, msimu wa mitihani. Vichwa vilikuwa vimeinama. Jengo lilikuwa la zamani, dari yake ya mbao zilizopigwa rangi hadi ukizitazama huoni maungio, na katikati, juu ya meza ndefu, mlango mdogo wa mafundi wa umeme. Vijana wawili walianza kutetana. Mkutubi akagonga meza kwa kalamu, kama alivyogonga miaka yote.

"Kimya, jamani."

"Abee, mama," ikajibu kutoka juu, nyororo.

Kalamu ilimtoka mkononi. Harufu ya karatasi zilizolowa ikashuka kichwani kwake kama maji. Akapanda juu ya kiti, kutoka kwenye kiti akapanda mezani, akikanyaga vitabu alivyowakataza watu hata kuvikunja kurasa, na ndani ya chumba ambamo hajawahi kuinua sauti akaita kwa nguvu zote alizokuwa nazo:

"Chiriku! Shuka, mwanangu! Shuka twende nyumbani!"

Wasomaji wote waliinua macho. Juu, mbao zililia moja baada ya nyingine, zikija usawa wake, zikasimama. Akanyoosha mkono. Vidole vyake viligusa ule mlango.

Kisha taratibu, kama mtu anayetaka faragha yake, kitu kikafunga komeo kwa ndani.