Mlimau wa Mama

Maiti ililala kifudifudi kwenye udongo uliochimbuliwa, kisogo kimepasuka. Pembeni kulikuwa na msumeno, mlimau ulioangushwa, na chepe lenye damu.

"Ni Saruji, mkandarasi wa bustani," alisema koplo. "Wateja ndio waliompa jina hilo. Kila aonapo udongo humwaga zege."

Inspekta alivaa glavu, akachutama. Nyumba ilikuwa mpya, bado inanuka rangi.

"Chepe la nani?"

"La Chipukizi, mkandarasi aliyekosa kazi hii. Alilisahau siku waliyoitwa wote wawili kupima ua. Jana majirani walimwona getini akimfokea marehemu. Yuko ndani tayari, afande. Kesi imeiva."

"Tunda linaloiva upesi hivyo huwa na funza."

Mpini wa chepe ulikuwa umefutwa, hauna alama hata moja ya vidole. Jambo hilo lilimkera Inspekta. Chepe ni la Chipukizi. Alama zake zingekuwapo hata kama hakumgusa mtu. Afute za nini?

Sebuleni walikaa mwenye nyumba na mkewe. Wote wawili walikuwa kazini asubuhi. Mke ndiye aliyerudi wa kwanza, akaikuta maiti. Kwenye kona aliketi baba mzazi wa mume, fundi cherehani mstaafu, shuka magotini, mikono chini ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hukusikia chochote?"

"Nilikuwa nimelala."

Inspekta alimgeukia mke. "Nani alimchagua Saruji?"

"Mimi. Nilitaka ua usio na tope. Chipukizi alichora bustani nzima kuuzunguka ule mlimau. Nikaona atatujazia majani tu."

"Mlimau ulipandwa na nani?"

Mume aliinamisha kichwa. "Mama, Mungu amrehemu. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa hapa hapa. Tulibomoa vyote, ukabaki mti."

"Mzee alisemaje?"

"Baba hakuwa na neno. Alisema, 'Nyumba ni yenu, wanangu.'"

Mahabusu, Chipukizi alisimama alipomwona Inspekta.

"Ulimfokea Saruji kwa nini?"

"Alisema leo anauangusha ule mlimau. Nikamwambia amwombe mzee ruhusa kwanza. Akanicheka."

"Mzee anakuhusu nini?"

"Siku ya kupima alinifuata nyuma nyuma. Akaniuliza, 'Huu utaubakiza?' Nikamwahidi nikipewa kazi nitaubakiza. Akanishika mkono, akawa hauachii." Machozi yalimtoka. "Afande, ninyongwe kwa chepe langu mwenyewe?"

Inspekta alirudi kwenye ile nyumba mbio, koplo nyuma yake akihema. Safari hii aliupita ua, akazunguka nyuma ya jiko. Karibu na bomba palikuwa na kopo, na ndani yake kijiti cha mlimau kilichopandwa siku hiyo hiyo. Udongo ulikuwa umemwagiliwa mpaka ukawa uji. Upande mnene wa kijiti ulikuwa juu; ule mwembamba, wenye vijani, ulikuwa umezikwa nusu.

"Huyu kapanda kichwa chini miguu juu," koplo alicheka.

"Chipukizi angekosea hivi?"

Kicheko kilikoma. "Hata usingizini asingekosea."

Inspekta alilibeba kopo mpaka sebuleni, akaliweka mbele ya mzee.

"Mzee, kesho Chipukizi anapelekwa mahakamani kwa mauaji."

Mzee alishtuka. "Chipukizi? Walisema mmemkamata mtu. Hawakusema ni yeye!"

"Ni yeye. Chepe ni lake."

"Sikujua ni la nani. Lilikuwa limeegemea ukutani tu." Maji yalikuwa yameshamwagika.

"Baba?" mwanawe aliita kwa sauti ya kitoto.

"Nilimwomba," mzee alisema. "Nilimwambia Saruji, ngoja mwanangu atoke kazini nizungumze naye. Akasema, 'Mzee, kalale.' Akaukata nikiona. Ulipoanguka akaukanyaga, akaanza kupiga mluzi. Miaka yote tangu mama yenu afe, asubuhi nikitoka, namwamkia pale. Sikumbuki nilivyoinua chepe. Nakumbuka mluzi ulivyokatika."

"Ukafuta mpini?"

"Kwa shati. Halafu nikakata tawi."

Mkwewe alianguka magotini. "Neno moja tu, baba! Ungesema, ningeubakiza."

"Niliogopa mtaniona mzigo."

Inspekta alilitazama kopo, na roho ikamuuma.

"Mzee, mbona umekipanda kichwa chini?"

Mzee alikiangalia kijiti kama ndiyo kwanza anakiona. "Kupanda alikuwa akipanda mama yao. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwagilia."

Alitoa mikono chini ya shuka. Ilikuwa imechanwachanwa na miiba. Koplo alimfunga pingu taratibu, na mlangoni mzee akamgeukia mkwewe.

"Kigeuze, mwanangu," alisema. "Usikiache hivyo."